Sawa ya Mjomba

3 Machi

Mvua imeanza leo, na skrini mpya zimefika. Bosi alituita sote uani tuone mawingu, kisha akatuita ndani tuone maboksi, na sijui lipi lilimfurahisha zaidi.

Skrini nimezichagua mimi. Hapa kiwandani, ambako tunachapa kalenda, mabango na vitabu vya picha, wananiita Profesa, nusu kwa utani na nusu kwa kweli, na jina hilo nalipenda kuliko ninavyokubali. Nilisoma siku kadhaa kabla ya kwenda dukani. Kumbe skrini si kioo tu. Kuna za TN, ambazo hubadili picha haraka kuliko zote. Kuna za VA, ambazo weusi wake ni weusi kwelikweli. Kuna za IPS, zinazosifiwa kwa rangi. Kuna na za OLED, ambazo kila nukta hujiwashia taa yake, na hizo bei yake hata kuitaja mbele ya Bosi ni kumtafutia presha. Muuzaji aliniuliza ni za kazi gani. Nikamwambia kazi zote, kwa sauti ya mtu asiyehitaji kufundishwa. Nikachukua TN. Zina kasi, na Bosi alipoona bei alinipiga bega.

Mjomba alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama ikiwaka. Alisema inang'aa. Nikaona ni sifa yangu.

5 Machi

Mvua. Kishale kwenye skrini kinakimbia kama kimetumwa na kimechelewa.

10 Machi

Leo tumebishana na Mjomba, jambo lisilo la kawaida.

Niandike utaratibu wetu, maana sijausikia kwingine. Mjomba ndiye fundi wa mashine tangu kiwanda hiki kifunguliwe. Wenzetu wanamwita Ngongoti, kwa sababu ya urefu; mlango wa stoo huuinamia hata akiwa na usingizi. Mimi napanga picha na maandishi kwenye kompyuta. Lakini hakuna kitu kinachokwenda mashineni mpaka yeye aje asimame nyuma yangu, aweke mkono kwenye mgongo wa kiti, atazame, kisha aseme, "Sawa." Asiporidhika husema, "Bado," na harudii wala haelezi. Ni ndugu wa marehemu mama yangu. Ninakaa chumba cha uani kwake, na yeye ndiye aliyenileta hapa akamwomba Bosi anijaribu. Kwa hiyo Bado zake nimezimeza miaka yote bila kinyongo.

Leo ilikuwa picha za wahitimu wa shule moja, kitabu kizima cha mahafali. Nyuso zilionekana nzito, nikaziongezea mwanga, zikakaa vizuri. Nikamwita. Akaweka mkono kwenye kiti, akatazama, akasema, "Bado. Watoto wamepauka."

Nikamwambia hawajapauka. Yeye akasema wamepauka. Tukaitazama skrini ileile, mimi nimeketi, yeye amesimama, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

14 Machi

Bado. Bado. Bado. Hata bango la duka la viatu, ambalo ni viatu vyeusi tu, amesema vimekuwa vya kijivu. Kazi zimerundikana na mvua imetoboa barabara, magari ya karatasi hayafiki.

17 Machi

Nilimwambia mkataji wa karatasi, ambaye mdomo wake haujui kufungwa, kwamba macho ya Mjomba yamekula chumvi nyingi. Nilisema kwa utani tu. Kufika jioni kiwanda kizima kilikuwa kinamuuliza Mjomba hapa ni vidole vingapi. Yeye mwenyewe alicheka. Alijibu, "Ishirini, na vyote vichafu."

19 Machi

Kitabu cha mahafali kinatakiwa. Nilimwita Mjomba mara ya mwisho, na nadhani sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyechoka naye. Alitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kama wewe unaona sawa."

Haikuwa Sawa. Lakini nilituma.

26 Machi

Siku mbaya. Nimeiandika yote ili nisiisahau kwa namna inayonipendeza.

Mwalimu mkuu wa ile shule amekuja mwenyewe, viatu vimejaa tope, na vitabu viwili kwenye mfuko wa nailoni. Hakuketi. Alikifungua kimoja mezani kwa Bosi akasema, "Hawa si wanafunzi wangu." Na kweli. Walikuwa kama watoto waliopakwa unga, mstari baada ya mstari, na kofia zao nzuri juu. Bosi aliahidi kuvichapa upya vyote. Mwalimu alipotoka, Bosi alituita mimi na Mjomba, akafunga mlango, jambo ambalo kwake ni sawa na mwingine kupiga meza.

Mjomba alisema kwa upole, "Mimi nilisema watoto wamepauka."

Na ni kweli alisema. Niliona jina la Profesa likinivuka mabegani kama kanga iliyolegea. Nikasema, mbele ya Bosi, "Mjomba, siku hizi kila kitu kwako kimepauka. Hata vyeusi." Bosi akamgeukia. Nikaona njia nikaifuata. Nikasema tupime basi.

Niliwapeleka kwenye skrini yangu. Mimi nikaketi, Mjomba akasimama mahali pake, mkono kwenye kiti. Nikafungua bango la mwaka jana, la mwanamke anayechota maji, ambalo yeye mwenyewe alilipitisha na Bosi amelitundika mapokezi kwa fahari. Nilikuwa nimelikata, uso mtupu, asilitambue. Kwangu lilionekana zito kidogo, nikasema moyoni kwamba tulikuwa tunapenda hivyo zamani. Nikamuuliza Mjomba hili vipi.

Akatazama. Akasema, "Bado. Limepauka."

Nikalirudisha bango zima. Alipoliona alitoa mkono kwenye kiti. Mkataji alikuwa amesimama mlangoni na safari hii hakutania.

Ni Mjomba mwenyewe aliyemaliza kesi. Alisema kama macho yake hayaijui tena kazi yake mwenyewe, basi hata wino wa kile kitabu atakuwa aliuweka kwa macho hayahaya, akaupunguza bila kujua. Alimwomba Bosi radhi. Kisha akanigeukia mimi, akasema nimefanya vizuri kumpima, kwa sababu mtu wa nje angemsema pembeni.

Kuanzia kesho mashine ni ya mkataji. Mjomba atafunga vifurushi. Sawa nitakuwa naisema mimi.

Nilishinda, na chai ya jioni nimeiacha mezani ikapoa. Nadhani ni huruma.

29 Machi

Mjomba anafunga mafundo mazuri sana. Wateja wameanza kuyasifia.

2 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mkazamjomba ameniambia jikoni kitu ambacho sikukijua: mama yake Mjomba, yaani bibi yangu, alikufa haoni. Ilianza polepole. Alisema Mjomba hajalala vizuri tangu ile siku, ila hataki nijue, nisije nikajilaumu.

7 Aprili

Nimejisemea Sawa mara nne leo. Kila mara imetoka ndogo, kama ya mtu anayejibu simu kanisani. Kitabu cha mahafali kimechapwa upya. Nilizitia nyuso giza kwa kubahatisha, nikizifuata zile zilizopauka kama kipimo. Hakikupendeza, ila kimepokewa.

9 Aprili

Paa limevuja juu ya kiti changu. Tone moja, kisha mengi, halafu ndoo. Meza haiwezi kusogea kwa sababu ya nyaya, kwa hiyo nilikisukuma kiti pembeni, nikaweka ndoo mahali pake, nikafanya kazi nimesimama.

Nilikuwa na picha ya familia, baba, mama na mapacha. Nilikuwa nimemaliza kuzipanga nyuso zao kabla ya mvua kuzidi. Niliposimama, wote wanne walipauka.

Nilidhani umeme umepungua. Nikainama kuangalia nyaya, na nilipoinama wakarudi wazuri. Nikasimama, wakapauka. Nikachuchumaa kabisa, karibu na ndoo, wakawa wazito, weusi wa nywele ukaingia usoni. Nikapanda, nikashuka. Mkataji alipita akaniuliza kama ni mazoezi ya mgongo. Nikamwambia ndiyo.

Nikaenda kuyatafuta yale niliyosoma mwezi wa pili. Sikuhitaji kuyatafuta sana. Yalikuwa palepale, chini ya sehemu ya kasi niliyoipenda: skrini ya TN hubadilika rangi ukiitazama kwa pembe, hasa ukiwa juu yake au chini yake. Ya VA nayo hubadilika, ila kidogo. Ya IPS unaweza kuitazama popote ulipo na rangi zikabaki zilezile, ndiyo maana wapiga picha na wachapaji huzitumia. Wachapaji. Limeandikwa neno lenyewe. Nililisoma nikalipita, kwa sababu tarakimu za kasi zilikuwa kubwa zaidi.

Mimi ni mfupi na kiti changu kiko chini, kwa hiyo naiona skrini kwa chini, nzito, ndipo nikawa nawaongezea watu mwanga wasiouhitaji. Mjomba ni mrefu na alisimama, kwa hiyo aliiona kwa juu, imepauka, na angeiona hivyo hata kama picha ni nzuri. Sote wawili tulidanganywa. Ila aliyempima mwenzake mbele ya watu ni mimi.

Mjomba haumwi macho. Nimeliandika na sijui nimwambie nani.

10 Aprili

Sikusema. Bosi hakuwepo asubuhi.

11 Aprili

Bosi alikuwepo.

14 Aprili

Nimeiinamisha skrini inielekee sawasawa, na nimeweka boksi la karatasi juu ya kiti ili nikae juu zaidi. Kazi zinatoka vizuri. Fundi amekuja kuziba paa. Amepaka na rangi. Nitasema wiki hii.

17 Aprili

Bosi amesema mbele ya wote kwamba tangu tufanye yale mabadiliko, rangi zimetulia, na mteja wa kalenda amepiga simu kushukuru. Akapiga makofi, wenzangu wakapiga. Mjomba alipiga kuliko wote, na kamba ya vifurushi bado iko mkononi. Nilitazama sakafu. Nilijua kwamba kila siku ninayonyamaza inaifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi, na bado nilinyamaza.

18 Aprili

Mvua.

19 Aprili

Mvua. Kwenye chai Mjomba aliniwekea upande wa mkate ulio mkubwa. Nilimwambia sina njaa.

23 Aprili

Mkazamjomba amefanikiwa kumpeleka Mjomba kwa daktari wa macho. Nilikaa kazini nikiomba, na niliomba mambo mawili yasiyokaa pamoja: macho yawe mazima, na nisiulizwe kitu.

Jioni walirudi. Daktari amesema macho ni ya mtu wa umri wake, miwani ya kusomea inatosha, na rangi anaziona zote. Mkazamjomba alikuwa anaimba akikosha vyombo. Mimi nilihisi nimepona. Nilisema moyoni, basi limekwisha, limemalizwa na daktari, sina haja tena.

Lakini Mjomba alikaa na ile miwani mpya mfukoni hata hajaivaa. Nilimwambia hongera, tumshukuru Mungu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Yule alinionyesha vitone kwenye karatasi, mpwa wangu. Wewe ulinionyesha kazi yangu."

Daktari ana vyeti ukutani, mashine na taa, na Mjomba hamwamini. Ananiamini mimi.

27 Aprili, Jumapili

Mchana huu mvua ilipunguza, nikafungua dirisha la chumba changu. Mjomba alikuwa anatoka mlango wa jikoni kwenda bomba la uani, amefumba macho. Mkono mmoja ukutani. Anapapasa pembe, anahesabu kwa midomo, anashuka ngazi kwa kutanguliza kidole cha mguu. Alifika kwenye bomba, akalipata, akatabasamu peke yake. Kurudi alijigonga kwenye beseni langu la kufulia nililoliacha njiani.

Nilitoka mbio. Akafumbua macho, akaona nimemwona, akaona haya kama aliyefumaniwa. Alisema ameanza kujifunza mapema, ili siku ikifika asimpe mke wake taabu. Bibi hakujifunza, alisema, ndiyo maana alikuwa anaanguka. Akaniambia nisimwambie mkazamjomba.

Nikaliokota beseni. Nilikuwa nimelishika kifuani na ningeweza kusema palepale, tuko wawili tu. Lakini nilimpima mbele ya watu. Kama nitasema, nitasema mbele ya watu walewale, vinginevyo nitakuwa nimechagua tena njia iliyo rahisi kwangu. Au labda hiyo nayo ilikuwa sababu ya kupata siku moja zaidi. Sijiamini tena hata ninaposema vizuri.

28 Aprili

Nimesema.

Nilingoja Bosi anywe chai, nikamwita, nikamwita mkataji, nikamwita Mjomba kutoka kwenye vifurushi. Nilitoa boksi kwenye kiti, nikairudisha skrini ilivyokuwa mwanzo. Nikafungua lile bango la mwanamke anayechota maji. Nikamwomba Mjomba asimame mahali pake, akasema limepauka, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu mara ya pili. Nikamwomba aketi kwenye kiti changu.

Aliketi. Magoti yalifika karibu na kifua. Akatazama. Akainuka kidogo, akashuka. Akainuka tena. Bosi naye akajaribu, kisha mkataji. Tulikuwa watu wazima wanne tunachuchumaa na kusimama mbele ya picha moja, na hakuna aliyecheka.

Nikaeleza. Nilisema macho ya Mjomba ni mazima na yalikuwa mazima siku zote. Nilisema skrini hizi hazifai kwa kazi yetu, nilizichagua mimi, muuzaji aliniuliza ni za kazi gani nikaona haya kuuliza. Nilisema nyuso za wale watoto nilizipausha mimi, wino haukuwa na kosa. Sauti ilinitoka vipande vipande, lakini nilifika mwisho.

Bosi aliuliza kwa nini kazi zimekuwa nzuri siku hizi. Nikamwonyesha boksi la karatasi.

Hapo Mjomba, ambaye alikuwa bado ameketi kwenye kiti changu, aliniuliza, "Ulijua lini?"

Ningeweza kujibu, "Jana." Nililifikiria, naandika ili nijijue. Nikasema, "Siku paa lilipovuja."

Akainua uso akalitazama dari. Mahali palipovuja pamezibwa, pamepakwa rangi, na rangi imekauka haionyeshi tena kiraka.

"Paa limezibwa siku nyingi," akasema.

Aliinuka, akaenda kumalizia vifurushi alivyokuwa ameviacha nusu. Bosi alimfuata akamwambia mashine ni yake kuanzia leo. Alisema asante, ngoja nimalize kufunga hivi.

29 Aprili

Mkazamjomba amenitengea chakula kama kawaida, hakunisemesha. Ni haki yake. Mjomba aliniambia, "Kula, mwanangu," na hilo lilinichoma zaidi.

5 Mei

Nimerudi dukani. Muuzaji ni yuleyule, na swali ni lilelile. Safari hii nilimwambia: nyuso za watu, tunazitazama wawili, mmoja mfupi ameketi na mmoja mrefu amesimama, na lazima tuone kitu kimoja. Akasema hiyo ni IPS, haina mjadala. Akanieleza na ubaya wake: weusi wake una ukijivu kidogo, na kwenye chumba cha giza pembe zake huvujisha mwanga. Nilimuuliza maswali mpaka watu nyuma yangu wakaguna. Maswali yangu mengine yalikuwa ya kijinga. Yeye hakuona ajabu, aliyajibu yote.

Kazini hakuna anayeniita Profesa tena. Mkataji ananiita kwa jina langu, kwa adabu, na adabu yake ni nzito kuliko utani.

12 Mei

Skrini mpya ziko mezani. Mvua inakatika, inanyesha kwa kubembeleza. Mjomba yuko kwenye mashine na miwani ya kusomea kaivaa, inamshuka puani. Nilisimama, nikaketi, nikachuchumaa. Mwanamke wa bangoni hakubadilika hata kidogo. Bosi alikumbuka bei akakaribia kulia.

13 Mei

Nilimwita kwa kazi ya kwanza, kalenda ya hospitali. Alikuja, akaweka mkono kwenye kiti. Nilingoja. Hata Bado ingenifaa kabisa, ningeifurahia kama zawadi.

Akauliza, "Wewe unaonaje?"

Nikamwambia nataka kusikia lake kwanza. Akasema kama mimi naona sawa, basi.

21 Mei

Jua, siku ya tatu mfululizo. Ndoo imerudishwa stoo.

Leo ilikuwa picha ya harusi. Nilimwita Mjomba. Hakusimama nyuma ya kiti. Alikuja ubavuni kwangu, akashika ukingo wa meza, akajikunja kidogo kidogo mpaka kichwa chake kikawa sawa na changu, magoti yakalia. Alitazama kutoka hapo, kwa macho yangu, shavu karibu na shavu.

Nilimwambia si lazima tena, Mjomba. Nilimwambia hizi ukisimama unaona vilevile, tumezijaribu.

Alisema anajua. Alisema amekwisha kuzoea kuona ninachoona mimi. Akabaki amechuchumaa palepale, ananitazama mimi badala ya skrini, akingoja niseme Sawa.